Mtani Alipompima Baba

Mwezi uliopita mbwa wa jirani alimng'ata mwanangu wa mwisho kwenye kigimbi. Halikuwa jeraha kubwa, matundu mawili na mkwaruzo, lakini sikungoja kushauriwa. Nilimbeba mpaka bombani, nikafungua maji, nikachukua kipande cha sabuni ya mche nikaanza kumsugua. Alilia, nikaendelea. Akaniambia imetosha mama, nikamwambia wa kusema imetosha ni mimi. Jirani mwenye mbwa akaja mbio na chupa ya mafuta ya taa, kwa nia njema kabisa, nikamwomba ayarudishe kwenye taa yake. Povu likajaa, likateremka na damu mpaka mferejini, na harufu ya sabuni iliyochanganyika na damu ikanipanda puani. Mikono yangu ikaendelea na kazi, lakini mimi mwenyewe sikuwa tena Mbinga mjini. Nilikuwa ziwani, nje ya kituo cha afya chenye kuta nyeupe, msichana wa darasa la pili au la tatu, na mtu aliyekuwa anasuguliwa jeraha mbele yangu nilikuwa nimemng'ata mimi.

Mwanangu alipelekwa hospitali siku ile ile, akaanzishiwa sindano zake na akazimaliza, na mbwa akafungwa na kuangaliwa. Hayo yamekwisha salama. Hili la pili ndilo lililoninyima usingizi, si kwa ubaya, ila kwa sababu kumbukumbu ikishaingia ndani huvuta kiti ikakaa.

Wa rika langu mtakumbuka tulivyotibiwa. Ukiumwa na mbwa ulipakwa masizi ya chungu. Ukiumwa na tandu ulibandikwa tumbaku iliyotafunwa na bibi, mwenye jino au asiye nalo. Nyoka ndiyo ilikuwa shughuli kamili: kamba ya kufunga, wembe wa kuchanja, mtu wa kufyonza, na kwa waliobahatika jiwe jeusi la kutoka misheni, lililogandishwa juu ya jeraha mpaka lidondoke lenyewe. Hakuna aliyeuliza kama vinafaa. Ndivyo ilivyofanywa, na aliyepona alipona kwa hivyo, na aliyekufa siku zake zilikuwa zimefika. Katika utoto wangu wote nilimwona mtu mmoja tu akivikataa vyote kwa pamoja, naye alikuwa Fundi Kanisius, Mungu amlaze pema.

Fundi Kanisius alikuwa Mngoni wa upande wa Songea. Alikuja Mkumbi, kijijini kwetu, kabla sijazaliwa, akaoa kwetu, akabaki. Alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, na kijiji kilipopatwa na msiba alitengeneza jeneza. Zaidi ya hayo alikuwa mtani wa baba yangu. Sisi Wamatengo na Wangoni ni watani. Babu zao waliwakimbiza babu zetu mpaka mapangoni, vita vikaisha, ikabaki haki ya kutukanana na kosa la kukasirika. Baba alimwita Fundi "mla ngao," eti Wangoni walipoishiwa ng'ombe walizichemsha ngao zao za ngozi wakazila. Fundi alimwita baba "fuko," kwa sababu ya ngolo, mashimo yale tunayolimia mahindi na maharage kwenye miteremko ili mvua isituchukulie udongo. Ngolo ni fahari yetu, lakini mtani hana habari na fahari ya mtu. Kila asubuhi alipopita mbele ya nyumba yetu aliuliza kwa sauti kama fuko ametoka shimoni. Mama alisema wale wawili wangekuwa ndugu wa tumbo moja wasingependana namna ile. Mimi sikuona mapenzi yoyote. Niliona wanaume wawili wazima wakitukanana kila siku ya Mungu.

Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Babu yangu, baba yake baba, alipofariki, Fundi alimpima jeneza kwa futikamba, kisha akavaa koti la marehemu akatembea uani akichechemea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamfokea bibi kwa sauti yake. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Tulipofika makaburini aliingia mwenyewe kaburini, akajilaza, akasema pamepwaya, fuko mzee alikuwa mchoyo hata wa mwili, na hakutoka mpaka alipopewa kibuyu cha pombe ya ulanzi. Nilikuwa mdogo, lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Nilijiwekea kanuni: Fundi akianza kumpima mtu na kumgombea kaburi, mtu huyo amekwisha kufa. Sikumwambia mtu yeyote kanuni hiyo. Mtoto akishapata ukweli wake huutunza.

Msimu ule wa kahawa ulipokwisha, mama alikuwa kwao Kihagara, ziwani. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na habari zikatufikia kwamba amepata mtoto wa kiume, wazima wote wawili. Baba hakulala vizuri tena. Alikuwa na mabinti watupu mpaka hapo, na ingawa alitupenda, furaha ile ilimzidi kimo. Magari ya kuteremka ziwani siku hizo yalikuwa ya kubahatisha, na baba hakuwa mtu wa kubahatisha. Akasema tutakwenda kwa miguu. Fundi Kanisius alikuwa ameitwa huko huko kutengeneza milango ya shule, kwa hiyo akaungana nasi, na msumeno na randa yake vimeviringishwa kwenye gunia. Baba alibeba maharage ya wakwe. Mimi nilibeba blanketi jipya la mtoto kichwani, limefungwa kwenye kitenge cha mama.

Njia ile bado ninayo miguuni. Unaanza na baridi, kahawa na migomba, pumzi inaonekana mdomoni. Kisha unaingia miombo, majani makavu yanavunjika chini ya nyayo na joto linakuja kukupokea kidogo kidogo, mpaka unavua sweta, mpaka unatamani kuvua na ngozi. Harufu inabadilika pia. Juu ni moshi na udongo mbichi. Chini ni majani yaliyoungua, asali mahali fulani, na upepo ukigeuka, samaki. Tulilala njiani kwa jamaa mmoja, na asubuhi tukaendelea. Watani wale wawili walikuwa wameshaanza kutukanana kabla ya uji.

Jua lilikuwa halijakolea tulipokuta gogo limeanguka kukatiza njia. Fundi alipanda juu ya gogo, akatazama upande wa pili, akashuka. Mimi nikafanya kama yeye. Baba, ambaye alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa Mkumbi, alilivuka kwa hatua moja bila hata kukata maneno aliyokuwa anasema. Mguu wake ulitua nyuma kidogo ya pale tuliposhukia, kwenye kivuli cha gogo lenyewe, ambako moma alikuwa amelala.

Moma ni nyoka mnene, mfupi, mvivu, ana rangi ya majani makavu. Wengine hukimbia wakisikia kishindo. Yeye hungoja umkanyage. Sikumwona akiuma. Nilisikia mlio kama wa pumzi inayotoka kwenye gurudumu la baiskeli, nikamwona baba amekaa chini na gunia la maharage limemwangukia begani.

"Mdudu," alisema baba. Kwetu nyoka akiwa karibu hatajwi kwa jina lake, kwa hiyo wote tulielewa.

Alikuwa ameumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Baba hakupiga kelele. Alifanya alichofundishwa na baba yake: alifungua kamba ya gunia kwa ajili ya kufungia mguu, akatoa mfukoni wembe uliofungwa kwenye karatasi, akamnyooshea Fundi na kumwambia amchanje upesi. Fundi aliupokea wembe, akautazama, akautupa korongoni. Kamba akainyakua akaitupia begani mwake. Baba akaokota jiwe amponde yule nyoka, Fundi akamshika mkono, akasema amwache ajiendee, mtu mmoja aliyeumwa anatosha. Moma akajivuta taratibu mpaka kwenye nyasi akapotea.

Fikirini nilivyoyaona mambo hayo. Wembe wa kumwokoa baba umetupwa. Kamba imechukuliwa. Nyoka ameachiwa aende zake kwa heshima. Na aliyefanya yote matatu ni mtu ambaye kila asubuhi alimtukana baba yangu mbele ya mlango wetu.

Baba akamwuliza kama amerukwa na akili. Fundi alichuchumaa mbele yake, akamvua kiatu na soksi, akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Mdogo wangu walimfunga kamba, Otmari. Sumu ilimwachia mguu. Kamba ndiyo iliuchukua."

Nilimsikia vizuri. Sikumwamini hata kidogo.

Kisha baba akaanza kuogopa. Hilo nalikumbuka kuliko mguu wenyewe, ambao tayari ulikuwa unavimba na kung'aa. Alianza kupumua haraka, kifua kinapanda na kushuka, macho yamekuwa makubwa. Akajaribu kusimama, akisema afadhali atembee, atafika. Fundi akamrudisha chini. Hapo baba akanigeukia, akaanza kuniambia maneno ya kumpelekea mama: mbuzi wawe wa nani, shamba la juu alime nani, na mtoto aitwe nani. Nilianza kulia. Alikuwa hajamwona mwanawe hata mara moja, na sasa alikuwa anataka kumpa jina kupitia kwangu.

Fundi akamkatiza kabla jina halijatoka mdomoni.

"Jina utampa mwenyewe. Ukishindwa nitampa mimi, na nitamwita Fuko."

Halafu akaanza. Alifungua gunia lake akatoa futikamba, akainyoosha kutoka nyongani mwa baba mpaka kisiginoni, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma akiwa karakanani. Akaguna. Akasema huu si mwili, ni uharibifu wa mbao. Mtu mrefu namna hii atamlaza kwenye nini? Mninga asiutarajie, mninga ni wa watu walioishi vizuri. Yeye atalala kwenye mlingoti, mkaratusi mbichi, ujikunje naye. Hata hivyo ya nini jeneza, akasema, fuko huzikwa kwenye ngolo yake mwenyewe, na maharage ya mwakani yatastawi yasiwe na mfano. Alisema yote hayo huku akizungusha futikamba kwenye mguu wa baba, juu ya goti, chini ya goti, akitia alama kwenye ngozi kwa kalamu yake ya useremala pale uvimbe ulipoishia.

Kanuni yangu ikatimia. Anampima. Anamgombea kaburi. Kwa hiyo baba amekwisha kufa, na huyu ndiye aliyemmaliza.

Nilimrukia nikamng'ata mkono, pale chini ya kiwiko penye nyama. Meno yangu yalikuwa mazuri wakati ule, nami sikumbania. Nilionja chumvi, vumbi la mbao, kisha damu. Mtu mwingine angenizaba kofi au angevuta mkono. Fundi hakufanya lolote. Alitulia kimya, mkono umelegea, mpaka taya zangu zikachoka zenyewe. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba mkono ukivutwa kinywani ndipo nyama inapochanika.

Akautazama mkono wake, akamtazama baba.

"Mtani, yule mdudu alikubusu tu," alisema. "Mwenye meno umemzaa wewe."

Na baba akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini niliona mabega yake yakishuka na kifua kikiacha kukimbia. Akamjibu kwamba nyama ya Mngoni ni ngumu kwa sababu ya ngao walizokula, na kwamba mtoto atahitaji dawa ya tumbo. Fundi akasema vizuri, endelea kunijibu. Kazi ya mdomo ni yako, mguu usijibu chochote.

Alikata fito mbili kwa msumeno, akazipunguza zilingane na kile kipimo alichokuwa amekichukua, akaziweka huku na huku kando ya mguu. Alichana kitenge cha mama vipande virefu akavifunga, lakini si kwa kukaza. Baada ya kila fundo aliingiza kidole chini yake kuona kama kinapita. Alikuwa anafanya kazi ile kwa utulivu wa mtu anayefunga mlango usipige ukuta. Nami nilikaa mbali nao, nimekumbatia kiatu cha baba, nikimtazama Fundi kwa chuki yote niliyojaliwa.

Bahati yetu ni kwamba njia ile hupitiwa. Mama mmoja wa Kinyasa na kijana wake, mtu mzima mwenye ndevu, walikuwa wanapanda na matenga ya usipa, dagaa wa ziwani, kwenda kuuza milimani. Mama yule hakuuliza maswali mengi. Alipoambiwa mdudu alitua tenga lake kichakani, akalifunika kwa majani, akatoa mti wa mzega ambao mwanawe alibebea matenga begani. Fundi akakata mwingine. Blanketi la mtoto ambaye baba hakuwa amemwona likatobolewa pembe na kupitishwa miti, likawa machela. Fundi alishika upande wa kichwani, kijana upande wa miguuni, na yule mama akatangulia akipiga nyasi kwa fimbo na kuniburuta kwa mkono.

Safari ile yote walitukanana. Nimesikia watani wengi maishani, misibani na arusini, lakini sijasikia tena mashindano kama yale. Fundi, anahema kwa uzito, jasho linamdondokea baba usoni, alianza na baba akaenda kwa babu, akatoka kwa babu akaingia mapangoni alikojificha babu wa babu. Kila tusi lilikuwa na swali ndani yake. Hilo pango lilikuwa upande gani? Huyo shangazi yako aliyeuza jembe akanunua pombe anaitwa nani? Baba ilimbidi ajibu. Akijibu ovyo, Fundi aliuliza tena. Walipotua kupumzika, alipima mguu, akatia alama nyingine ya kalamu, akalalamika kuhusu mbao.

Kuna mahali, ziwa lilikwishaonekana lote, jeupe kwa jua, baba aliacha kujibu. Fundi alimtukana mara ya kwanza, kimya. Akamtukana tusi zito zaidi, kimya. Nilimgeukia nikamwona uso wake na sikuuelewa, kwa sababu ulikuwa uso wa mtoto aliyepotea sokoni. Akaongeza mwendo, na kwa sauti iliyokwaruza akasema kwamba basi ni kweli, Wamatengo hawakushindwa vita, walishindwa hata kukimbia. Tuliteremka mwendo mrefu bila kitu kingine kusikika isipokuwa viatu na miti ya machela ikilia.

"Tulikimbia," alisema baba mwishoni, macho yamefumbwa. "Nyie mlikuwa mezani, mnatafuna ngao."

Fundi alicheka peke yake kama mwendawazimu. Kijana wa usipa akacheka. Mama yake akacheka. Mimi nikaona kweli hawa watu hawana huruma.

Kituo cha afya kilikuwa karibu na maji, kina mti mkubwa wa kivuli na bomba uani. Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani, haraka hana. Aliuliza nani kaumwa. Mama wa usipa akajibu kabla yetu.

"Wawili. Huyu na mdudu, yule na huyu mtoto."

Mganga alinitazama juu ya miwani yake kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamgeukia baba. Aliuliza kama amefungwa kamba, kama amechanjwa, kama amenyweshwa dawa yoyote ya majani. Kila mara Fundi alijibu hapana. Aliuliza kama ametembea. Hapana. Akasoma zile alama za kalamu kwenye mguu mmoja mmoja, akiuliza hii ilikuwa jua liko wapi, na hii je, halafu akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema mara nyingi huletewa miguu iliyokwisha kufa kwa kamba kabla ya kufa kwa sumu. Dawa ya nyoka ilikuwepo kwenye friji ya chanjo. Baba akaingizwa ndani, pazia likavutwa.

Mganga alipotoka alimkalisha Fundi bombani, akachukua sabuni ya mche akamsugua mkono. Alisugua na kusugua, maji yanatiririka juu ya alama za meno yangu, povu linageuka waridi. Alisema mdomo wa mtu una uchafu kuliko mnavyodhani, na hili nalo lisipooshwa vizuri litamlaza kitandani. Niliona nimetukanwa. Nilikuwa nimepiga mswaki asubuhi ile kwa kijiti kipya. Kisha akamchoma sindano ya pepopunda, na Fundi, aliyekuwa amebeba mtu mlima mzima, aligeuza uso asiione sindano.

Jioni mama akafika kutoka kwa bibi, mtoto mgongoni, uso umempauka. Aliingia kwa baba, akakaa huko kitambo, akatoka amejikaza. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na mganga alisema usiku ule ndio utakaoamua. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika na uhai wa baba. Nikamvuta mama pembeni nikamshtaki Fundi. Nikamweleza wembe, kamba, nyoka aliyeachiwa, futikamba, mlingoti mbichi, kaburi kwenye ngolo. Nikamweleza kwamba ndivyo alivyofanya kwa babu, na babu alikuwa amekufa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Siku ile babu yako alimjibu?" aliniuliza.

"Hapana."

"Na baba yako njiani alimjibu?"

"Alimjibu. Walijibizana njia nzima."

"Basi," alisema mama, akanipa mtoto nimpakate.

Nilikaa na neno lile, na mtoto mapajani, nikalipitisha njia yote ile ya mlimani kutoka kwenye gogo mpaka kwenye bomba. Lilifungua kila mlango. Wembe, kamba, futikamba, matusi yenye maswali, uso wa Fundi pale baba aliponyamaza. Mtu anayegombea kaburi la mtu hamlazimishi kujibu. Alikuwa amemshika baba yangu kwa ulimi, asiondoke. Niliona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye kupenda kuwa sahihi, lakini zaidi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Sikumwomba Fundi radhi. Mama alisema mtani haombwi radhi, kumwomba radhi ni kumvunjia utani.

Kulipokucha mganga alitoka ukumbini anajifuta mikono. Uvimbe ulikuwa umesimama kwenye alama ya mwisho ya kalamu. Alisema ngozi itabambuka, itauma, atachechemea miezi kadhaa, lakini mguu ni wake na uhai ni wake. Mama akapiga ishara ya msalaba. Fundi Kanisius aliinuka kwenye benchi, akatembea taratibu mpaka nyuma ya tangi la maji kama mtu anayekwenda haja.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono wenye bandeji umefunika uso, analia. Hakuwa analia kama wanaume wanavyolia misibani kwetu, machozi mawili na kukohoa. Alikuwa analia mwili mzima, pumzi inamkatika, kamasi zinamtoka. Sikujua la kufanya na mtu mzima katika hali ile, kwa hiyo nilisimama. Aliponiona alijifuta kwa shati.

"Bibi yangu," alisema, ndivyo alivyokuwa akituita sisi wasichana wadogo wa mtani wake, "usimwambie baba yako umenikuta nalia. Sitapata tena amani Mkumbi."

Nikamwahidi. Nikarudi ndani.

Baba alikuwa ameegemea mto, mdomo umekauka, mtoto amelazwa kifuani pake, wanatazamana kama watu wawili waliosikiana habari kwa muda mrefu. Aliponiona akatabasamu upande mmoja, akaniuliza yuko wapi yule mla ngao, mbona kimya, mbona hajaja kumtukana asubuhi yote hii.

Nilitazama dirishani, kisha nikamtazama yeye. Nilikuwa nimeahidi, na kusema uongo mbele ya baba sikuthubutu.

"Yuko nje analia, baba," nikamwambia. "Amesikia utapona."

Baba akacheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka, mpaka kitanda kikalia, mpaka mganga akaja kumkataza kutikisa mguu, naye akazidi kucheka, akiniambia kwamba sasa nimekua, sasa nami ni mtani. Mpaka leo, mzee wa watu na fimbo yake, anaamini kwamba asubuhi ile nilikuwa natania.